Pembe za Bwana Nilsi

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwetu Ibra, Oman, nimevaa viatu vyangu vya sikukuu ya Idi, furushi la Bibi kichwani, na mpango wowote sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni jambo moja tu: nimfikie baba kabla yule mzungu wake hajamuua. Baba alikuwa Tiwi, kando ya bahari, na Tiwi nilikuwa nikiijua kwa jina tu, kama mtoto anavyolijua jina la ugonjwa. Ungeniuliza nitafikaje, ningekujibu kwamba nakwenda mpaka barabara kubwa, na baada ya hapo nitaona.

Hivyo ndivyo nilivyoishi umri wangu wote. Shule niliiacha kabla ya kumaliza madarasa ya kati, kazi nimefanya za kila namna, na nyumba nimehama mpaka watu wa kwetu wamechoka kuniuliza safari hii niko wapi. Lakini safari ile ndiyo ilikuwa ya kwanza, na nilikuwa na miaka tisa. Imenirudia juzi, dukani Sur, kwenye vitu vya watoto. Mjukuu wa dada yangu alijivika kofia ya plastiki ya kijivu yenye pembe mbili nyeupe, akaninyooshea shoka la plastiki, akaniamuru kwa Kiarabu nitoe mali yangu yote. Watu wakacheka. Mimi harufu ya ile plastiki iliniingia puani, harufu ya mashine mpya iliyopata moto, ikabidi nikae juu ya katoni la maziwa.

Harufu hiyo ilikuwa ya video ya Bi Zuwena, jirani yetu. Mwanawe alikuwa akifanya kazi wizarani Maskati, akamletea mamake televisheni, mashine ya video na kanda tatu. Mbili zilikuwa za Kihindi, nazo tulikwisha kuziona mpaka tunaziimba. Alhamisi moja baada ya Alasiri wanawake wa mtaa walikusanyika, wengi wao wenzetu waliotoka Unguja baada ya mapinduzi, kahawa ikamiminwa, halua ikafunuliwa, na ile kanda ya tatu, ya Kizungu, ikatiwa.

Kiingereza hakuna aliyekifahamu sawasawa, kwa hivyo kila mtu alifasiri kwa macho yake. Kulikuwa na ukungu juu ya maji. Ndani ya ukungu kikatokea kichwa cha nyoka wa mti, na nyuma ya kichwa chombo kirefu chenye makasia. Watu wakaruka majini, majitu, ndevu zao rangi ya majani makavu, na kila mmoja kichwani ana pembe za ng'ombe.

"Yarabi, hawa watu au mashetani?" Bi Zuwena akauliza.

"Watu wa Denmark, mama," akajibu mwanawe, ambaye alikuwa likizo na alikuwa akijua kila kitu. "Zamani ndiyo ilikuwa kazi yao. Kuvamia, kuchoma, na kunywea mafuvu ya watu."

"Kefule! Mafuvu?"

"Mafuvu. Tena bila ya kuyaosha."

Wanawake wakacheka huku wamejiziba midomo kwa kanga. Mimi sikucheka. Kwenye kioo mwanamke alikuwa amejifungia ndani na watoto wake, na kutoka nje shoka likaanza kuupasua mlango. Pigo la kwanza, pigo la pili, ubao ukafanya ufa, na katika ufa likaonekana jicho. Hapo finjani ya Bibi ikaanguka.

"Zima," alisema Bibi.

"Bi mkubwa, sinema tu hiyo."

"Zima, nakwambia." Alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta kiatu chake kwa mguu na hakioni. "Ndivyo walivyokuja."

Mwana wa Bi Zuwena, mjuzi wa yote, aliinama akabonyeza kidude, na kioo kikawa cheusi.

Inafaa nieleze hapa mambo ya nyumba yetu, ingawa wengi wa rika langu waliokulia Ibra watayajua bila ya kuelezwa. Kwetu kulikuwa na watu wasio na jina. Waliitwa "wale". Kabla ya wale, walipokuja wale, nyumba waliyoichukua wale. Nikiuliza ni akina nani, nilijibiwa, "Nyamaza, ule." Na chini ya kitanda cha Bibi kulikuwa na furushi lililofungwa kwa kanga kuukuu. Kila Ijumaa akishaoga alilivuta, akalikaza fundo, akalirudisha. Bi Zuwena naye alikuwa na sanduku lake la bati, na jirani wa upande wa pili mkoba nyuma ya mlango. Tulikuwa tumefika Oman, tumepewa vitambulisho, wazee wetu wana kazi za serikali, na bado kila nyumba ilikuwa na mzigo uliokwisha kufungwa.

Kwa hiyo Alhamisi ile nilipata kile nilichonyimwa miaka yote. Wale walikuwa na sura. Walikuwa na ndevu za majani makavu na pembe. Nikafurahi kidogo, kama mtu aliyepata jibu la hesabu, mpaka nilipokumbuka kwamba mkubwa wake baba kazini, Bwana Nilsi, alikuwa mtu wa Denmark.

Baba alikuwa dereva wake na mkalimani wake. Walizunguka mabondeni kupima maji ya visima na ya mifereji ya falaji. Baba alitoka Unguja na Kiarabu cha msahafu tu, kazi nyingi zilimkataa, lakini huyu mzungu alikuwa amekaa Singida miaka sita akichimba visima, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko Kiarabu cha baba. Wakapatana. Kila Jumatano jioni baba alirudi nyumbani, na kila Jumamosi aliondoka. Jumatano iliyofuata sinema hakuja. Ya pili pia hakuja. Bibi akaanza kulikaza fundo la furushi lake kila siku, hata si Ijumaa. Nikamuuliza, "Baba yuko wapi?" Akasema, "Yuko kazini," bila ya kunitazama. Nilidhani anajua ninachokijua, na kwamba sote wawili tunaficha.

Basi asubuhi ile Bibi alipokuwa anasali kwenye msala wake, nililivuta furushi. Nililichukua kwa sababu niliamini ndilo linalotumika wakija wale, ingawa namna ya kulitumia sikuijua. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na ndani yake kitu cha chuma kilikuwa kikinigonga kichwani kila nikipiga hatua.

Karibu na kituo cha petroli nikaiona pikapu ya Saidi. Huyu alikuwa akipeleka mabomba na mafuta kwenye kambi ya kina baba, na kila mtu alimwita Saidi wa Tabora, kwa kuwa wao Waarabu waliotoka bara na sisi wa Unguja hatukuchoka kutaniana. Alikuwa ndani ananunua sigara. Nilipanda nyuma, nikajilaza baina ya mabomba, nikajifunika turubali.

Alinikuta tulipofika mji wa Kamil, aliposimama kula. Alifunua turubali achukue dumu la maji akaona viatu vyangu.

"Aisee! Hii nini tena?" Akaruka nyuma, kisha akainama. "Wewe si Rukia wa Mzee Hamdani? Unafanya nini kwenye mzigo wangu?"

"Nakwenda kwa baba."

"Nani kakutuma?"

"Hapana mtu."

"Hapana mtu," alinikejeli kwa sauti nyembamba. "Watoto wa Unguja bwana, maneno matamu, akili hakuna. Bibi yako sasa hivi anapiga kelele Ibra nzima, na watasema Saidi kaiba mtoto!" Akatazama nyuma tulikotoka, akatazama mbele. "Nikikurudisha, mafuta yataniishia na kule wananisubiri. Haya, panda mbele. Tukifika tutaomba redio ya ofisi ya liwali watume habari. Na usiniguse kitu!"

Niligusa. Juu ya kioo, kwenye kile kibao cha kukinga jua, kulikuwa na bahasha, na juu yake mwandiko wa baba.

"Lo!" Saidi akapiga usukani. "Barua ya bibi yako hiyo. Wiki ya pili sasa. Wallahi nimesahau."

Nikaifungua. Kusoma nilikuwa najua, ila pole pole. Baba alimsalimia mamake, akasema asiwe na wasiwasi, gari limevunjika springi nayo mpya inangojwa kutoka Maskati, wafanyakazi wenzao wamekwisha kurudi, "na hapa nimebaki mimi na Bwana Nilsi peke yetu."

Mtu mzima angesoma barua ile akapumua. Mimi nilisoma mstari wa mwisho mara nne. Peke yetu.

"Bwana Saidi," nikamuuliza, "umewahi kumwona Bwana Nilsi hana kofia?"

"Kofia? Yule haivui kofia yake hata akila. Jua linamchoma, maskini, anakuwa kama kamba aliyepikwa."

Nikalikumbatia furushi. Baada ya Sur lami iliisha, tukaingia njia ya mawe, kushoto mlima, kulia bahari karibu kabisa. Niliitazama bahari nikiyahesabu mawe yake. Kila jiwe lililotoka majini lilikuwa kichwa cha nyoka mpaka tulipolipita. Mahali fulani kulikuwa na moshi umesimama juu ya minazi na mitende, nikamshika Saidi mkono.

"Wamechoma mji!"

"Wanachoma matawi makavu, mtoto wewe. Una homa?"

Tuliingia Tiwi jua limeanza kulala. Kambi yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo mwishoni mwa kijiji, na mbele yake gari. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mtu mrefu kupita kiasi, kifua wazi, ndevu zile zile, kofia ya turubali kichwani. Mkononi ana kisu, na mikono yake miwili myekundu kwa damu mpaka kwenye viwiko. Kitu cha pili ni miguu ya baba. Ilikuwa imetokeza chini ya gari, vidole juu, imetulia.

Nilitaka kupiga kelele. Kilichotoka, kwa sababu Bibi alikuwa amenifundisha kwa fimbo, ni hiki: "Shikamoo."

"Marahaba, mama," akasema lile jitu. "Hujambo? Umetoka wapi?"

Sinemani hakuna hata mmoja aliyeitikia marahaba. Nikabaki nimesimama, na hapo miguu ya baba ikasogea, ikafuata tumbo, ukafuata uso wa baba umejaa oili. Kwenye jiwe nyuma ya Bwana Nilsi kulikuwa na nguru aliyepasuliwa.

"Rukia?" Baba aliniita kama haamini. "Kuna nini? Bibi yako mzima?"

Nilimrukia, oili na yote, nikalia mpaka kwikwi. Saidi akaeleza haraka haraka, akiipita barua kwa mbali, kisha akakimbilia ofisi ya liwali kabla haijafungwa. Baba alinikalisha mkekani. Hakunipiga. Aliuliza mara moja tu, "Kwa nini?" Nami sikumjibu yeye. Nilimgeukia yule mzungu, aliyekuwa ananawa, nikamuuliza:

"Pembe zako umeziweka wapi?"

Ikabidi nisimulie yote: video, ukungu, mafuvu, shoka. Bwana Nilsi mwanzo alicheka, kisha akaona mimi sicheki, akaacha. Alivua kofia. Akainama, akanisogezea kichwa chake. Kilikuwa na upara, chekundu, kinabanduka ngozi.

"Shika," alisema.

Nikashika. Hapakuwa na kitu.

"Na babu zangu pia hawakuwa nazo," alisema, akakaa chini. "Kwetu tunachimba sana. Tumechimba makaburi yao na vyombo vyao. Kofia ya vita yenye pembe, ya watu wale, haijapatikana hata moja. Fikiri mwenyewe, mama. Ukipigwa shoka, pembe inalishika. Si afadhali kichwa kitupu? Watu wa michezo ya jukwaani ndio waliowavika, baadaye sana, ili watazamaji waogope."

"Na mafuvu?"

"Hayo pia uongo. Walikuwa wakulima, mama. Shayiri, kondoo, na nguruwe, samahani Mzee Hamdani. Jumamosi wanaoga. Katika makaburi yao tunakuta vitana vya mfupa, kila mtu na kitana chake." Alichora chini kwa ukucha, duara na mistari ndani. "Na tunakuta hii. Mkulima wa kwetu analima viazi, jembe linagonga, anaokota fedha ina maandishi ya Kiarabu. La ilaha illa llah, kwenye tope la Denmark! Watu wale walisafiri mpaka wakafanya biashara na watu wenu."

"Biashara ya nini?" niliuliza.

Kwa mara ya kwanza nilimwona anatafuta neno.

"Ngozi za wanyama," alisema. "Na watu. Sikufichi. Sinema haikusema uongo yote. Walivamia kweli, waliua, waliwachukua watu wakawauza. Waliyafanya hayo bila ya pembe, wakarudi nyumbani wakachana nywele."

Baba alikuwa anatazama mikono yake, anajifuta oili iliyokwisha kutoka. Kwa nini alinyamaza vile sikufahamu. Nilikuja kufahamu nikiwa mtu mzima, nilipoanza kuuliza sisi tulifikaje Unguja mwanzo, na mashamba yetu yalilimwa na nani.

Na vile mimi ni mtu nisiyeamini mpaka nione, miaka mingi baadaye binamu yangu aliyehamia Denmark aliponialika, nilikwenda kuhakikisha. Kuna jumba kando ya maji wameweka vyombo vilivyotolewa chini ya bahari, mbao nyeusi, nyembamba, zimekaa kama mbavu. Nilizunguka siku mbili. Nimeona vitana. Nimeona zile fedha, na nimezisoma, mlinzi akanishangaa ninalia mbele ya kabati. Pembe niliziona mahali pamoja tu, dukani mlangoni, za plastiki.

Lakini jioni ile Tiwi, swali langu lilikuwa bado halijajibiwa. Bwana Nilsi aliondoka kwenda kumkaanga nguru wake, nikabaki na baba.

"Baba, wale waliokuja kwetu, nao hawakuwa na pembe?"

"Wale gani?"

"Wale. Walioupasua mlango."

Aliikunja ile khirka, kitambaa alichofutia oili, akaikunjua. "Nani kakwambia mlango ulipasuliwa?"

"Bibi. Alisema ndivyo walivyokuja."

Nadhani baba hakuwa amewahi kuyasema kwa mtu.

"Hawakuwa na pembe, Rukia. Aliyeupiga shoka mlango wetu namjua jina. Alikuwa fundi baiskeli pale mtaani kwetu. Yangu mimi kaiziba pancha siku nne kabla. Na mamake ndiye aliyetuficha jikoni kwake, mimi na bibi yako, nyuma ya kuni, siku mbili, na yeye anapika kama kawaida. Bibi yako hawezi kuyasimulia. Mtu mwenye pembe ungemsimulia. Huyu utamwanzia wapi?"

Nilingoja aniambie kwamba sasa hakuna hatari. Tulikaa hivyo mpaka Saidi aliporudi kutoka ofisini. Habari zilikuwa zimefika Ibra kwa redio, askari amekwenda mpaka nyumbani, na Bibi amejibu.

"Kasemaje?" baba akauliza.

"Kwanza kanitukana mimi," alisema Saidi. "Kisha kauliza, furushi liko?"

Baba akaligeukia. Lilikuwa mkekani tangu nilipofika, na hakuna aliyelitazama. Alilivuta kwake akaanza kulifungua. Fundo lilikuwa limekazwa Ijumaa baada ya Ijumaa, alitumia meno. Ndani mlikuwa na kanga mbili, karatasi zilizofungwa kwa nailoni, shati la shule la mtoto wa kiume, viatu vyake, na ufunguo wa chuma mrefu kama kiganja changu, wa ile nyumba waliyoichukua wale. Baba alilishika lile shati mabegani, akalipima kifuani pake. Lilimfika kwenye mbavu.

Tatizo sasa lilikuwa nilale wapi, kwani kambini walikuwa wanaume watupu. Baba akanipeleka nyumba ya pili, kwa Bi Moza, mjane mwenye nyumba ile waliyopanga. Hakujua neno la Kiswahili. Baba alimweleza kwa Kiarabu chake cha msahafu, mama wa watu akajizuia kucheka, akanionesha chumba kidogo kilichojaa harufu ya ndimu kavu, na mkeka ukutani. Akauliza siku ngapi. Baba akasema mpaka springi ifike. Kisha akanitandikia zile kanga mbili za furushi, na ufunguo akautundika kwenye msumari.

Mlango wa chumba ulikuwa wa mbao za mtende, hauna kufuli wala komeo. Ukisukumwa kwa kidole unafunguka. Niliutazama, nikatazama gunia la ndimu lililokuwa pembeni.

"Nilisogeze gunia mlangoni?"

Baba alisimama kizingitini. Nje bado kulikuwa na mwanga. Bwana Nilsi alikuwa anapita na sahani ya samaki, kofia yake kichwani tena, anamwuliza Saidi kama na mimi nakula pilipili. Baba aliutazama mlango muda mrefu, akaujaribu kwa kidole, ukaenda, ukarudi.

"Uache," alisema. "Upepo uingie."

Nikauacha. Lakini alipokwisha kuondoka nilisimama juu ya gunia, nikautungua ufunguo, nikalala nao mkononi.